Mpokezi Asiyetaka Kisu

Ghalani kwetu kulikuwa na kisu kimoja tu, na Mpokezi alikifungia kabatini kwake, ndani ya kopo la maziwa, chini ya madaftari ya zamani. Ukikitaka unakwenda kumwomba. Atakuuliza unataka kukata nini, na ukisema papai, hupewi. Ukisema unataka kukata kamba atainuka mwenyewe, aje nacho, akate kamba, arudi nacho. Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kukishika kisu kile kwa mkono wangu.

Wengine walimwita Mama, na mimi mbele yake nilimwita hivyo hivyo. Lakini nikimfikiria, namfikiria Mpokezi, kwa sababu hakuna papai lililoingia ghala lile bila kupita mikononi mwake. Ghala lenyewe liko pembeni ya mji, njia ya kwenda Chamwino: bati juu, saruji chini, na vumbi kati yake. Wakulima wanaleta mapapai asubuhi, yanapokewa, yanapangwa, mengine yanauzwa hapa hapa Dodoma na mengine yanapakiwa kwenda Dar es Salaam. Mimi kazi yangu ni mashine. Ni kidude cha kushika mkononi, unakigusisha kwenye ganda la tunda, kinamulika mwanga, halafu kinakuonyesha utamu wa ndani umefikia wapi bila kulitoboa. Nimekishika mpaka kiwiko kinauma usiku na mchana, na niseme ukweli, nimechoka. Nimechoka na vumbi, nimechoka na simu za meneja, nimechoka kuulizwa na kila mgeni kama mashine inapima na matikiti. Inapima, jamani. Inapima.

Habari ya kisu ilikuwa hivi. Zamani, kabla sijafika, mtindo wa ghala ulikuwa kukata. Mkulima akileta kreti, papai moja linachaguliwa, linapasuliwa, meneja wa wakati huo anaangalia rangi, anaonja, anatema mbegu. Likiwa zuri, kreti inapita. Likiwa baya, kreti inarudi. Lile lililokatwa halirudi kwa mwenyewe kwa vyovyote vile, linaliwa na wafanyakazi. Mpokezi alinisimulia habari hiyo zaidi ya mara kumi, na kila mara alikunja uso mahali pale pale.

"Fundi," alisema, maana mimi aliniita Fundi, "mtu amelea mpapai kwa maji ya ndoo. Yeye na mkewe, ndoo kichwani, kiangazi chote. Halafu wewe unapasua papai lake, unaliona zuri, unalila, unamwambia asante, kumbe lilikuwa zuri. Huo ni uungwana?"

Nilimwambia lazima watu wajue ndani kuna nini.

"Kwani ndani yako wewe tunajua kuna nini? Mbona hatujakupasua?"

Basi akaanza kupokea kwa mkono, na wakamwachia, kwa kuwa hakukosea. Namna yake ilikuwa moja siku zote. Alilipakata papai kwa mkono wa kushoto, akalirusha juu kidogo, kidogo sana, kulisikia uzito. Akaliinamia kwenye kikonyo akanusa. Mwisho alilaza kidole gumba cha kulia pembeni ya kikonyo na kubonyeza kwa ubapa, polepole, ungedhani anamgusa mtoto paji la uso aone kama ana homa. Wakati huo usimsemeshe. Meneja mmoja alimsemesha akiwa na tunda mkononi, naye akamnyooshea papai na kumwambia, "Haya, pokea wewe." Meneja alibaki amelishika pale mlangoni, hajui aliweke wapi.

Akishabonyeza, alitamka neno moja. "Lisafiri," maana yake bado gumu, litafika Dar es Salaam salama. "Lilale," likae kivulini siku mbili. "Liliwe," liende sokoni leo leo. Tunda bovu hakulisemea kitu. Alimrudishia mwenyewe mkononi, akamtazama kwa upole na kumuuliza habari za nyumbani. Wakulima walifika mahali wakawa wanaogopa kuulizwa habari za nyumbani. Mdogo wake wa tumbo moja aliwahi kuleta kreti sita, naye akaulizwa habari za nyumbani mara sita, wakati ni nyumba moja waliyolala wote jana yake. Hakuleta tena. Alihamia kwenye vitunguu.

Siku mashine ilipoletwa, na mimi nikaletwa nayo, Mpokezi alisimama mbali, mikono nyuma.

"Huyu ndiye mgeni wenu?"

Nikamwambia ndiye, na nikamweleza inavyofanya. Alisikiliza yote bila kunikatiza.

"Haikati?"

"Haikati, mama."

"Basi huyo ni mkwe wangu. Mkwe unamheshimu, humsogelei, na huli naye sahani moja."

Tangu siku ile alishika adabu ya mkwe kwelikweli. Asubuhi alinisalimia mimi kwanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi, Fundi," halafu akiwa mbali kabisa, macho chini, "Na mkwe ameamkaje?" Nami nilijibu kwa niaba ya mashine kwamba ameamka salama. Wageni kutoka mjini walituangalia kama watu wenye kasoro. Lakini hakuigusa hata siku moja, na nikiwa nimeishika hakupita mbele yangu, alizungukia nyuma ya makreti.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa msengenyaji wa kiwango cha juu, na baada ya saa saba alilala juu ya magunia mdomo wazi, kisha akaapa kwamba alikuwa anasali. Alichukia wachelewaji, na yeye kila Jumatatu alichelewa. Halafu kulikuwa na hili la chai. Alikuwa na kisukari, na hospitali walishamwambia. Saa nne, mbele yetu, alikunywa chai bila sukari huku amekunja sura tumwonee huruma. Ukipita nyuma ya ghala dakika kumi baadaye unamkuta na kikombe kingine, vijiko vinne.

"Mama, na hiki?"

"Hiki ni cha kutulizia kile."

Na kupimwa hakutaka. Waliwahi kuja wauguzi kupima wafanyakazi wote, kidole kinatobolewa, tone la damu, basi. Sote tulipanga mstari. Yeye alikwenda kusimama kule kwenye mizani, akasema hawezi kutobolewa mtu mzima kama yeye kwa sababu ya tone. Muuguzi akambembeleza. Aka! Hakusogea. Tulicheka sana siku ile, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa niseme jambo alilonitendea, maana bila hilo mtanihukumu kabla ya wakati. Mwezi wangu wa kwanza niliisahau mashine juu ya kreti, nje, jua la saa sita la Dodoma mnalijua. Nilipoirudia nikaendelea kupima kana kwamba hakuna kitu. Kila papai likasoma tamu. La kijani tamu, lenye utomvu unaochuruzika tamu. Nikafurahi, mjinga mimi, nikaamuru yote yaende sokoni siku ile ile. Wapakiaji walikuwa wameshajaza nusu ya gari Mpokezi alipookota moja, akalipakata, akanusa, akabonyeza. Alinijia karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nikiwa na mashine.

"Fundi," alinong'ona, "mkwe ana homa. Muweke kivulini."

Halafu akageuka na kuwapigia wapakiaji kelele washushe yote, amebadili mawazo, yeye ndiye alikosea. Meneja alikuja akamkaripia mbele ya watu, mwanamke wa umri ule, kwamba anapoteza muda wa gari. Alinyamaza. Na mimi nilinyamaza. Mashine ilikuwa kwenye majaribio na mimi pamoja nayo, na ningesema ukweli tungerudishwa wote wawili tulikotoka. Hakunidai shukrani. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka leo.

Haya. Nifike pale ninapochelewa kufika.

Kulikuwa na mkulima wa upande wa Buigiri anaitwa Yohana. Shamba dogo, kisima cha kuchimba, mipapai iliyopangwa kwa kamba. Mapapai yake yalikuja yamefungwa moja moja kwenye magazeti na kulazwa juu ya majani makavu. Yeye alikuwa mbebaji tu, na mwenyewe alisema hivyo kwa majivuno: mchumaji ni mke wangu, Mama Neema, ana mkono mwepesi. Mpokezi aliyapenda mapapai yale waziwazi. Karibu yote aliyaambia "lisafiri."

Hapo ndipo ubaya ulipoingilia. Mapapai ya kuuzwa mjini Mpokezi aligusa mawili matatu kwa kila kreti, akajua kreti nzima. Lakini ya kusafiri mnunuzi wa Dar es Salaam alitaka yaguswe moja baada ya jingine. Ya wengine yaliyopata kusafiri yalikuwa machache; kwa hiyo ya Yohana, yaliyokuwa mazuri kuliko yote, ndiyo yaliyobonyezwa yote.

Msimu mmoja picha kutoka kwa mnunuzi wa Dar es Salaam zikaanza kuingia kwenye simu ya meneja. Papai la njano zuri, na karibu na kikonyo doa la kahawia limebonyea. Picha ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mwisho dereva alirudi na kreti moja ya Yohana kutoka huko huko ili watu wajionee. Meneja alisema yameangushwa wakati wa kuchuma. Nilichukua moja nikalizungusha. Tunda lililoangushwa linaumia popote. Haya yaliumia mahali pamoja, upande mmoja, kila moja. Niliweka kidole gumba changu juu ya doa. Kikatosha.

Nikakumbuka kitu nilichokiona wiki chache nyuma bila kukielewa. Mpokezi aliipua sufuria ya chai jikoni kwa mikono mitupu, akaibeba taratibu mpaka mezani huku anaendelea na umbea wake, sentensi haikukatika. Kesho yake nilimwonyesha lengelenge kidoleni mwake. "Hili nalo limetoka wapi?" aliuliza.

Sikutaka kumwonea, kwa hiyo nilijaribu. Nilinunua mapapai kumi ya Yohana, nikamwambia Mpokezi ni ya nyumbani, anipokelee matano, nikamzuga matano mengine yasiguswe. Alipobonyeza la kwanza nilimtazama. Alibonyeza, akatulia, akabonyeza tena, akakunja uso. "Mapapai ya siku hizi yana ganda gumu," alisema. Niliyapeleka kwangu Area D, nikayapanga stoo kwa mafungu mawili. Mke wangu aliuliza kama mapapai yamekuwa picha za ukutani, mbona hatuli. Siku ya tatu niliwasha taa. Matano yalikuwa na doa karibu na kikonyo. Matano yalikuwa safi kabisa. Nilikaa chini kwenye gunia la mchele, nikayaangalia mpaka mke wangu akaja kuniita chakula.

Kikao kilikuwa cha watu watatu: meneja, Mpokezi na mimi. Meneja alisema Yohana asimame kuleta. Mpokezi alisimama, na kwa kawaida alizungumza akiwa amekaa.

"Yohana haangushi tunda. Na mkewe haangushi. Mimi nimepokea kazi ya mikono yao miaka yote, naijua."

"Basi nani anayeyaharibu, mama?"

"Barabara."

"Barabara hiyo hiyo inapita mapapai ya wengine."

"Basi gari!"

"Gari ni hilo hilo."

Sauti ilikuwa imempanda Mpokezi mpaka wapakiaji wakaacha kazi kule nje. Meneja akanigeukia mimi.

"Fundi, mashine inasemaje?"

"Mashine inapima utamu," nilisema. "Michubuko haipimi."

Ni kweli haipimi. Katika maneno yote niliyowahi kusema maishani, lile ndilo la kweli ninaloliona aibu kuliko uongo wowote. Jioni ile Yohana alipigiwa simu, akaambiwa mapapai yake yanafika yamechubuka, apumzike kwanza. Hakupigiwa tena.

Mtaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza nikiwa macho na nikiwa usingizini. Alinifichia homa ya mkwe, ningemvuaje nguo mbele ya meneja? Ningeanzaje kumwambia mwanamke yule kwamba kidole chake kimekufa, na kwamba yeye aliyekataza matunda yasipasuliwe ndiye anayeyaharibu? Nikajiambia Yohana atapata mnunuzi mwingine, mtu mwenye mali safi hakosi. Nilijiambia hivyo kila siku mpaka maneno yenyewe yakachakaa.

Nilichofanya ni kujipitisha pembeni. Nikamwambia meneja mashine sasa imekomaa, na mama amechoka, apumzishwe kwa heshima. Meneja alifurahi kupita kiasi. Mpokezi aliagwa kwa khanga, chupa ya chai na picha ya pamoja ambayo ndani yake hakutabasamu. Kisu aliondoka nacho, hakuna aliyethubutu kumdai. Alipopita karibu na meza yangu alisimama mbali kama kawaida, macho chini.

"Mkwe, nakuachia nyumba," alisema.

Alidhani ameshindwa na mashine. Nikamwacha adhani hivyo.

Miaka ikapita hivi hivi, kiwiko changu kikazidi kuuma. Mwaka jana nikasikia yuko kwake Nkuhungu na hali si nzuri. Nilichelewa kwenda wiki mbili, nikisingizia kazi. Nilimkuta kibarazani, miguu imefungwa bandeji mpaka kwenye vifundo, amekonda, macho ni yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Fundi. Umekuja kunipokea au kunirudisha?"

Nikacheka, naye akacheka, halafu tukaishiwa. Tuliongea habari za ghala, nani kaacha, nani kafa. Ndipo akanieleza habari za kliniki. Daktari kijana alimwambia afumbe macho, ataguswa vidole vya mikono kimoja kimoja kwa sindano butu, akisikia aseme.

"Nikafumba. Nikangoja. Nikamwambia, mwanangu anza basi, mimi nina njaa. Akaniambia, mama, nimeshamaliza."

Aliitazama mikono yake iliyolala mapajani.

"Siku tatu sikulala, Fundi. Nikawa nalirudia papai la Yohana. Doa karibu na kikonyo, upande wa kulia. Nilikuwa nabonyeza sisikii, nabonyeza tena. Nikalaumu ganda!" Akaniinulia macho. "Wewe ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, au angejifanya.

"Nilijua, mama."

"Lini?"

"Kabla ya kikao."

Jirani alikuwa anatwanga, tukamsikiliza.

"Nilipiga kelele siku ile," alisema mwishowe. "Nilimtetea Yohana mpaka koo likauma. Wewe umekaa pale unanisikiliza."

"Ndiyo, mama."

"Ungenikata tu, Fundi."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akasema nitafute gari, nimpeleke kwa Yohana. Nikamwambia miguu hiyo haiwezi safari.

"Miguu ya nini? Naenda kusema, siendi kulima."

Jumamosi tukaenda. Nilikuwa naangalia nje nione mipapai, nikadhani dereva amepotea, kwa maana pale kwenye kisima kulikuwa na alizeti tupu, zimekauka, vichwa chini. Yohana alitoka kwenye kivuli cha nyumba. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Alitupokea kwa heshima zote, akaanza kutafuta viti, Mpokezi akamzuia. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, hakutaka kukaa kabla hajasema.

"Yohana, yale madoa yalikuwa ya kidole changu. Ugonjwa ulinitia ganzi, nikawa nabonyeza nisijue. Nyinyi hamkukosea kitu. Nimekuja nikuombe radhi."

Yohana alivua kofia. Aliitazama alizeti, akamtazama yeye.

"Mama, mimi niliikata mipapai yote."

"Yote?"

"Yote. Ningempelekea nani matunda yaliyochubuka? Niliamini ni sisi." Alishusha sauti, akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni. "Mimi nilikuwa mbebaji. Aliyekuwa anachuma ni yeye. Nilimkataza asiguse tena. Nikachuma mwenyewe, yakaanguka, yakapasuka. Nikashika shoka."

"Na yeye ulimwambiaje?"

Aliyejibu ni Mama Neema. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, unga mikononi, na sijui amesimama kwa muda gani.

"Alisema nina mkono mzito. Alisema mbele ya ndugu zangu. Kanisani tukipika, kina mama wananitania nisiguse mayai. Miaka yote hii." Alikuwa anaongea na Mpokezi, hakumtazama mumewe. "Mama, hebu yaseme tena."

Mpokezi akayasema tena, neno kwa neno, kwa sauti zaidi. Mama Neema akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamgeukia Yohana.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri, mke wangu," alisema Yohana, na kofia ikamwanguka, asiiokote.

Mama Neema akanitazama mimi. Nilikuwa nimejibanza upande wa pili wa gari.

"Na huyu si ndiye wa ile mashine ya kuona ndani? Yeye hakuona?"

"Mashine yake inapima utamu tu," Mpokezi akawahi kusema, haraka, kwa sauti ile ile aliyowapigia nayo wapakiaji siku ya homa.

"Niliona, Mama Neema," nilisema. "Nilijua kabla Yohana hajasimamishwa. Nilinyamaza."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliingia ndani, akatoka na kiti kimoja na kikombe kimoja cha maji, akamkalisha Mpokezi, akamnywesha, akipangusa unga kwenye khanga yake kila akitaka kumgusa. Walizungumza Kigogo kwa sauti ndogo. Yohana alichuchumaa pembeni yao. Mimi nilisimama juani mpaka dereva akapiga honi.

Wakati wa kuondoka Mama Neema alimshika Mpokezi kwapani kumwinua. Miguu ile ilikuwa haina nguvu, na gari lilikuwa mbali kidogo. Nikasogea, nikanyoosha mkono nimshike upande wa pili. Mama Neema aliusogeza mkono wangu kando, si kwa ukali, akasema ataweza peke yake.